Je, topasi alikuwa mpiga mizinga? Jibu kwa msomaji wa Tanga

Swali: "Shikamoo mwalimu. Babu yangu mzaa baba alikuwa topasi, kwanza melini, baadaye manispaa hapa Tanga. Tulipokuwa watoto tulitukanwa kwa neno hilo shuleni. Juzi msibani mzee mmoja aliyekuwa baharia ameniambia nisione haya, kwani topasi kwa asili ni mpiga mizinga, neno la Kituruki lililopitia kwa Wareno. Ni kweli, au alikuwa ananipoza moyo tu? Na kama ni kweli, mpiga mizinga aligeukaje kuwa msafisha vyoo?"

Marahaba, mwanangu. Mzee huyo hakutunga. Alilokwambia limo katika vitabu vya watu wazito na limekuwa likirudiwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Ila limeunganisha maneno mawili ambayo mimi naona yalizaliwa mbalimbali. Moja ni topchi, ambalo ni mpiga mizinga kweli na asili yake haina ubishi. La pili ni topasi, ambalo lilikuwa jina la askari, lakini sioni kwamba lilianzia kwenye mzinga. Nitakuchambulia kila moja, maana yote mawili yana njia yake ya kufika pwani yetu.

Tuanze na topchi. Kwa Kituruki, top ni kitu cha mviringo, mpira au tufe. Mizinga ilipokuwa silaha kuu ya Waosmani, yaani dola ya Waturuki, katika karne ya 15, jina hilo likawa pia la chombo kinachorusha tufe, na mpaka leo neno moja linabeba maana zote mbili. Mturuki akitaka kumtaja mtu kwa kazi yake huongeza kiambishi mwishoni mwa neno, na sauti za kiambishi hicho hubadilika kufuata neno lenyewe. Kahve ni kahawa, kahveci ni muuza kahawa. Top ni mzinga, topçu ni mpiga mizinga, na hiyo ç hutamkwa kama ch yetu. Katika lugha za majirani zao neno limekaa zaidi kwa umbo la topchi, ndiyo maana nalitumia hilo.

Hawa hawakuwa askari wa kuokoteza. Sultani wa Istanbul alikuwa na kikosi chao maalumu, kinacholipwa na hazina, na mkuu wao akiitwa topçubaşı, yaani kichwa cha wapiga mizinga. Kilikuwapo kikosi kingine cha kukokota na kutunza magari ya mizinga tu. Mji wenyewe bado umejaa alama zao. Mtaa wa Tophane, "nyumba ya mizinga", ndipo palipokuwa na kiwanda cha kusubu mizinga ya dola. Kasri la Topkapı limebeba jina la "lango la mzinga". Kambi ya topçu pale Taksim ilijengwa 1806 ikabomolewa 1940, na mpango wa kuijenga upya juu ya bustani ya Gezi ndio uliowasha maandamano makubwa ya 2013.

Na kwa kuwa top bado ni mpira, Mturuki mtaani humwita mcheza kandanda topçu vilevile. Arsenal, timu iliyoanzishwa 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich, kule inaitwa Topçular. Watangazaji wetu wanasema Washika Bunduki, wengine Washika Mitutu. Itazame nembo ya timu: pale umekaa mzinga, bunduki hakuna. Waturuki ndio waliolenga.

Ili uelewe kwa nini jina hili lilisambaa hivyo, itazame kazi yenyewe. Mzinga wa zamani ulijazwa kwa mdomoni. Mtu wa kwanza aliingiza mti mrefu wenye ngozi ya kondoo kichwani, uliochovywa majini, akauzungusha ndani ya mtutu kuzima cheche zilizobaki kutoka mlio uliotangulia. Cheche moja ikisalia, baruti inayofuata inamlipukia usoni. Baruti iliingizwa kwa kijiko kirefu cha shaba, kwa sababu chuma kikigongana na chuma hutoa moto. Ikasindikwa, likafuata tambara au nyasi kavu, kisha tufe. Nyuma ya mzinga kuna tundu dogo. Hapo mpiga mizinga alimimina baruti laini, akajitoa pembeni kwa sababu mzinga unaporindima hurudi nyuma kwa kishindo na kumvunja aliyesimama kizembe, kisha akagusisha mrao unaofuka. Juu ya yote hayo alipaswa kukisia umbali kwa macho na kujua kila mzinga una tabia gani, kwani haikuwapo miwili iliyofanana.

Mtu mwenye ujuzi huo hakukosa bwana wa kumwajiri. Mehmed wa Pili alipouzingira mji wa Konstantinopoli, Istanbul ya leo, mwaka 1453, fundi aliyemsubia mzinga mkubwa kuliko yote alikuwa Orban, mtu wa Hungaria na Mkristo. Ujuzi ulivuka mipaka ya dini na ya falme, na jina la kazi likafuata nyuma. Mwaka 1514 Waosmani waliwavunja Waajemi kule Chaldiran, na mizinga ilichangia sana ushindi ule. Waajemi hawakulisahau funzo hilo. Wakaunda kikosi chao, askari wakaitwa tupchi, na mahali pa mizinga pakaitwa tupkhane. Uwanja mkubwa wa katikati ya Tehran umejulikana kwa jina hilo kwa muda mrefu.

Miaka 12 baada ya Chaldiran, Babur, mwanzilishi wa dola ya Mughal, aliiteka Delhi kule India. Pale Panipat, tarehe 21 Aprili 1526, mizinga yake ilisimamiwa na mafundi wawili, Ustad Ali Quli na Mustafa Rumi. Huyo Rumi ni mtu wa Rum, jina walilopewa Waosmani na Waislamu wa mashariki. Magari yalifungwa pamoja kwa kamba za ngozi, mizinga ikapangwa katikati, kwa mtindo uliojulikana kuwa wa Rum. Leo ukifungua kamusi ya Kihindi au ya Kiurdu utamkuta topchi palepale, na kikosi cha mizinga cha jeshi la India kwa Kihindi kinaitwa Topkhana. Kwa upande wa Waarabu, ambao hawana sauti ya p, topçu amekuwa tobgi katika Misri, na sasa ni jina la ukoo. Ukienda Serbia, kuna kitongoji cha Belgrade kiitwacho Topčider, bonde la wapiga mizinga.

Na kwetu? Topçu halisi amewahi kusimama Mombasa. Mwaka 1585 nahodha wa Kiosmani aliyeitwa Mir Ali Bey alishuka pwani hii kutoka Bahari ya Shamu, akapokewa vizuri na miji iliyochoshwa na Wareno. Akarudi tena mwishoni mwa 1588 na merikebu chache, akajichimbia kisiwani Mombasa, akajenga boma na kuliwekea mizinga ikitazama mlango wa bandari. Mapema mwaka 1589 Mreno Tomé de Sousa Coutinho alikuja na jeshi la majini kutoka Goa, makao makuu ya Wareno kule India. Wakati huohuo Wazimba, wapiganaji waliotoka upande wa mto Zambezi, walikuwa wamepiga kambi upande wa bara, kwenye kivuko. Mir Ali Bey akabanwa katikati, akakamatwa, akapelekwa Lisbon. Hofu ya kurudi kwa Waturuki ni miongoni mwa sababu zilizowafanya Wareno waanze kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Kwa hiyo wapiga mizinga wa sultani wa Istanbul walifyatua mitutu yao mbele ya Waswahili. Jina lao halikubaki.

Halikubaki kwa sababu Waswahili walikuwa na lao. Mzinga kwetu ulikuwa kwanza ni gogo lililotobolewa ndani na kutundikwa mtini ili nyuki waingie. Alipokuja Mreno na chombo cha shaba, kirefu, kilicho wazi ndani, watu wakakiita kwa jina la kitu walichokijua tayari. Hatukuwa peke yetu. Waganda nao wanasema omuzinga kwa mzinga wa nyuki na kwa silaha, na kwa Kinyarwanda umuzinga una maana hizo mbili. Aliyeufyatua akawa mpiga mizinga, na hakuna aliyehitaji kuazima. (Kuna sadfa moja inayonifurahisha. Wazungu wanatumia bombarda na bombardier, kutoka Kilatini bombus, yaani mvumo, na wanasayansi wamelitumia neno hilohilo, Bombus, kuwa jina la jamii ya nyuki wakubwa wenye manyoya. Pande mbili za dunia, mzinga na nyuki vimekutana bila mtu kumwiga mwenzake.)

Tangu hapo mzinga wetu umetembea sana. Ulipiga kuwaarifu watu wa Unguja na Mombasa kwamba jua limezama na saumu imefunguliwa. Katika sherehe za Uhuru unapigwa mara 21 kwa heshima ya amiri jeshi mkuu. Tanzania ina Shirika la Mzinga kule Morogoro. Vijana wanapiga mzinga wakimwomba mtu hela. Na katika vita vya Kagera, 1978 na 1979, makombora yetu ya kufyatuliwa kwa safu yalipewa na Waganda jina lao wenyewe, Saba Saba, lakini aliyeyafyatua kwa Kiswahili alibaki mtu wa mizinga.

Usidhani kwamba Kiswahili kiliyakataa maneno ya jeshi la Kituruki. Kila siku unapomwita polisi "afande" unatamka Kituruki: ni efendi, bwana, aliyepitia Misri. Mjerumani Hermann von Wissmann alipoajiri askari wa Kisudani jijini Cairo mwaka 1889 ili kuja kupigana na Bushiri, watu hao walikuja na vyeo vya jeshi la Misri, ambavyo vilikuwa vya Kituruki. Jeshi la Wajerumani hapa kwetu likawa na ombasha, shaushi, bet-shaushi, soli na efendi mpaka mwisho wa vita mwaka 1918. Topçu hakuwamo katika msafara huo. Wasudani wale waliajiriwa kuwa askari wa miguu, na mizinga ya Wajerumani ilikuwa chini ya Wajerumani wenyewe. Hata mizinga 10 iliyotolewa kwenye manowari Königsberg, iliyozamishwa katika delta ya Rufiji mwaka 1915, ilikokotwa nchi kavu na wapagazi wengi mno, lakini kazi hiyo haikupata jina jipya. Mmoja wa mizinga hiyo upo Ngome ya Yesu mpaka leo.

Basi topchi hakuingia Kiswahili kwa njia ya Istanbul, wala kwa njia ya Cairo. Mzee wako anadai aliingia kwa njia ya tatu, ya Goa. Hapa ndipo penye mjadala wenyewe.

Kuanzia karne ya 17, maandishi ya Wazungu waliokuwa India yanataja watu waitwao topaz, topass au toepas. Walikuwa Wakristo wa Kikatoliki, wenye rangi, wengi wao wana wa baba Mreno na mama Mhindi au vizazi vya hao, wengine wenyeji waliobatizwa na kuchukua majina ya Kireno. Walivaa kofia na suruali, walisema Kireno pamoja na lugha ya mahali, na riziki yao kubwa ilikuwa uaskari. Mwaka 1680 baraza la Waingereza katika ngome ya Madras liliamua kuwaajiri wapatao 100. Waholanzi walikuwa nao Cochin. Katika visiwa vya Timor na Flores, mashariki ya mbali, walikuwa na nguvu kuliko magavana wa Kireno, na mwaka 1749 walipambana na Waholanzi pale Penfui, karibu na Kupang, wakashindwa vibaya. Jambo hili lishike, mwanangu, maana halina shaka hata kidogo: topasi wa kwanza tunayemjua katika maandishi alikuwa mtu wa silaha.

Jina lao lilitoka wapi? Henry Yule na A. C. Burnell, katika kamusi yao ya maneno ya Uingereza na India iliyotoka 1886, walipendekeza kwamba huenda ni topchi aliyeharibika. Hiyo ndiyo chemchemi ya maneno ya mzee wako. Lakini haohao waliweka mezani na mapendekezo mengine. Moja linasema ni kutoka topi, kofia, kwa sababu kofia ya Kizungu ndiyo iliyowatofautisha na majirani zao. Jingine linasema ni kutoka dubhashi, neno la Kihindi lenye asili ya Kisanskriti: du ni mbili, bhasha ni lugha. Mtu wa lugha mbili, mkalimani. Katika lugha za kusini mwa India neno hilo lilipata umbo la tuppasi.

Mimi nasimama na tuppasi, na sababu zangu ni hizi. Kwanza sauti. Kutoka tuppasi hadi topaz ya Kireno hakuna la kueleza, karibu kila sauti ipo mahali pake. Kutoka topchi inabidi ch igeuke kuwa s na irabu a itoke hewani. Wareno wa karne ya 16 walikuwa na ch ya kutosha katika lugha yao, na wasingekuwa na haja ya kuiharibu. Kofia nayo ina tatizo hilohilo la mwisho wa neno. Pili, Wareno hawakuwa na upungufu wa majina ya wapiga mizinga. Walikuwa na bombardeiro, na mkuu wa mizinga melini na ngomeni walimwita condestável. Ngome ya Yesu nayo ililindwa na watu wenye majina hayo. Mtu haazimi kwa adui yake jina la kazi ambayo ana jina lake tayari. Tatu, na hili ndilo lenye uzito zaidi kwangu, jina topasi lilitumika kwa jamii nzima ya watu, wake kwa waume, na si kwa waliokuwa kwenye mizinga peke yao. Kilichowakusanya wote ni kwamba walisimama kati ya lugha mbili.

Sisemi kwamba topchi na topasi hawakuwahi kuchanganywa. Katika bandari ambamo askari mmoja anaitwa topchi na mwingine anaitwa topaz, na wote wawili wanalinda ukuta mmoja, masikio ya mgeni kutoka London yalikuwa na kila sababu ya kuyasikia kuwa neno moja. Ila mchanganyiko huo ni wa baadaye. Haukuzaa jina.

Sasa swali lako la pili, ambalo naliona ndilo zito. Askari aliangukaje hadi chooni?

Alisukumwa. Mwaka 1748 wakurugenzi wa Kampuni ya India Mashariki ya Waingereza waliagiza iundwe kampuni ya wapiga mizinga katika kila moja ya makao yao makuu matatu, Madras, Bombay na Bengal. Katika kanuni zake waliandika kwamba Mhindi, mtu mweusi, mtu wa damu mchanganyiko au Mkatoliki wa taifa lolote asikanyage kwenye karakana ya baruti wala maghala ya silaha. Askari wa kikosi hicho akioa mke Mkatoliki anatolewa, anamalizia muda wake katika kikosi kingine. Isome kanuni hiyo ukiwa unamfikiria topasi: ana damu mchanganyiko, ni Mkatoliki, ni mweusi machoni pao. Ni kama waliiandika wakimwangalia yeye. Kwenye mzinga wakamweka Mwingereza, na kazi ya kukokota na kubeba wakawapa lascar, neno lililotokana na lashkar ya Kiajemi, yaani jeshi. Wanaisimu wengi wanaihusisha lashkar hiyo na 'askar ya Kiarabu, iliyotupa sisi askari.

Jeshi la Wahindi, sepoy, lilipokua, topasi hakuhitajika tena kwa wingi nchi kavu. Baharini jina likabaki, na likashuka daraja. Katika meli zenye mabaharia wa Kihindi kazi ziligawanywa kwa ukali, na desturi za matabaka zilimfanya baharia wa kawaida akatae katakata kugusa choo. Aliyepewa ufagio na ndoo akaitwa topas, awe na asili ya Kireno au asiwe nayo. Kufikia karne ya 19 jina halikuwa tena la kabila wala dini. Lilikuwa la kazi, na waliolibeba wengi walitoka katika tabaka ambalo India ililitupia kazi ya uchafu tangu zamani. Jeshi la majini la India liliendelea kuwa na cheo cha topass hata katika karne ya 20.

Kutoka hapo hadi Tanga ni hatua moja. Meli za kampuni ya British India zilianza safari za kawaida za Unguja mwaka 1872, na kwa karibu miaka mia zilikuwa ndizo njia kuu kati ya Bombay na bandari zetu. Watu wake walikuja na msamiati wao, na sehemu ya msamiati huo ilikuwa tayari imekwisha kujulikana kwetu kupitia majahazi: serahangi aliyesimamia mabaharia, mshika usukani ambaye wao walimwita kwa neno lenye asili ileile ya sukkan ya Kiarabu, na chini kabisa ya orodha, topasi. Vijana wa pwani walioajiriwa melini waliingia katika orodha hiyohiyo. Miji ya kikoloni ilipoweka vyoo vya ndoo, ikahitaji watu wa kuzunguka usiku kuzibeba, na jina lilikuwa limekwisha kushuka bandarini likisubiri. Kamusi zetu zinamweleza topasi kuwa mtu afanyaye kazi ya kusafisha vyoo, wingi wake matopasi. Hazisemi chochote kuhusu mizinga wala kuhusu lugha mbili, na hazikosei. Kwa Kiswahili neno halijawahi kuwa na maana nyingine.

Kwa hiyo ukiulizwa, jibu kwa mpangilio huu. Topasi si mpiga mizinga kwa asili ya neno. Mpiga mizinga ni topchi. Topasi kwa asili, naamini, ni mtu wa lugha mbili. Jina hilo likawa la jamii ya askari, miongoni mwao wapo waliolinda ngome zenye mizinga kabla ya kanuni kuwafungia mlango, kisha likawa la mfagiaji wa meli, na ndivyo lilivyotufikia. Mzee wa msibani alikosea mzizi, akapatia uaskari.

Kuhusu haya uliyoiona utotoni, nitasema wazi kama ningemwambia mwanangu wa kumzaa. Mji wenye vyoo vya ndoo ukikaa siku chache bila topasi, kipindupindu na kuhara vinaingia kila nyumba, ya tajiri na ya maskini. Waliokutukana walikuwa wazima kwa sababu ya kazi ya babu yako. Hilo halihitaji mzinga kulitetea.

Umeniandikia pia kwamba kuna sanduku la karatasi zake ambalo hamjalifungua. Lifungueni. Baharia aliyefanya kazi katika meli kubwa za wakati huo alipewa kitabu au cheti cha kumaliza safari, kinachotaja meli, tarehe za kupanda na kushuka, na cheo alichoajiriwa nacho. Tazama kwenye mstari wa cheo. Tahajia ya Kiingereza hubadilika, topas, topass au topaz, na zote ni neno lile moja. Majina ya meli yatakwambia kama alipita Bombay au aliishia Mombasa na Durban, na tarehe zitakwambia kama alikuwa majini wakati wa vita vya pili vya dunia, ambapo mabaharia wa ngazi zote, matopasi wakiwamo, walizama na meli zao katika Bahari ya Hindi. Ukikuta maandishi ya Kigujarati au Kiurdu pembeni, usiyaache. Mara nyingi ni mkono wa serahangi aliyemwajiri, na hapo Tanga bado wapo wazee wanaoweza kuyasoma.